Naafiki ya Dada Mozelle

Mikutano ya kanisa la Mlima Nebo ingekuwa mirefu kuliko kiangazi cha Alabama kama si Mozelle Gantt. Wabaptisti wa pale hupigia kura kila kitu: rangi ya zulia, sabuni ya jikoni, nani akae na funguo za ukumbi wa chakula. Mtu hutoa hoja, mwingine lazima aafiki, ndipo mikono inyooshwe. Na hapo kwenye kuafiki ndipo watu hukwama. Huyu anakohoa, yule anakung'uta sketi, kila mmoja anamngoja mwenzake. Basi sauti hutoka benchi la tatu: "Naafiki!" Ni Mozelle. Mambo yanasonga, watu wanakwenda kula.

Msidhani ni ucha Mungu. Muda unaokaa bure ulimwasha mwilini kama upupu. Alikuwa na duka la friji na mashine za kufulia za mitumba kando ya barabara kuu, nje kidogo ya mji wa Tarpley, na kila dakika aliyokaa kanisani kulikuwa na mtu dukani anayeshika mlango wa friji na kuuliza bei. Alizaliwa katika kibanda cha mbao kwenye shamba la pamba la mtu mwingine. Alipiga pasi mashati ya watu mpaka siku bosi wake alipomwambia aitoe friji mbovu akaitupe. Hakuitupa. Aliisukuma hadi uani kwake, akaifungua mgongo, akaikodolea macho mpaka ikamwonea haya. Kumbe ni waya tu, panya wameutafuna. Alipoiuza ile friji alijua hatashika pasi tena ila kwa nguo zake mwenyewe. Marehemu mume wake, Otha, alikuwa akisema: "Mke wangu anaweza kumuuzia shetani friji, na shetani akashukuru kwa kupunguziwa bei."

Mozelle alimwamini Mungu kama alivyouamini umeme. Haonekani, lakini chezea waya utamjua.

Jumatano moja ya mkutano alikuwa na jokofu limefungwa kamba nyuma ya pikapu, na mteja alitaka limfikie kabla ya giza. Mchungaji Thaddeus Mims, ambaye ndiye mwenyekiti wa mikutano, alivaa miwani akaanza kusoma hoja. Paa la ukumbi wa chakula litafutiwe fundi. Kwaya inunuliwe majoho mapya.

"Naafiki!" Mozelle alikuwa ameshatundika mkoba begani.

Mchungaji hakuinua macho. Aliendelea kusoma mkia wa hoja kwa sauti ileile ya kutangaza majoho: na kwamba kanisa la Mlima Nebo linasimama na Kaka Lamar Beasley katika kugombea kiti cha kamishna wa kaunti, na jina lake liwekwe kwenye kibao cha barabarani mpaka siku ya uchaguzi. "Wanaokubali?"

Mkono wa Mozelle ulikuwa juu kabla masikio hayajafika. Na mikono ya wengine ikafuata, kwa sababu kwa miaka mingi watu wa Mlima Nebo walijua kwamba Mozelle akishaafiki hakuna cha kujadili.

Aliyekaa naye benchi moja ni Cleotha Oglesby. Walikaa hapo tangu wakiwa wasichana wenye soksi nyeupe na magoti yaliyopakwa mafuta. Cleotha hakunyoosha mkono, si kwa ndiyo wala kwa hapana. Aligeuka taratibu, kama mtu anayegeuza shingo yenye jipu.

"Umefanya nini, Mozelle?"

"Nimefanya nini? Nimeafiki majoho."

"Umemwafiki Lamar."

"Nimekwambia majoho!"

"Basi Lamar ndiye atakayeyavaa."

Hapo ndipo lilipomwingia. Mpinzani wa Lamar katika uchaguzi ule alikuwa Renita, binti wa Cleotha. Wote wawili, Lamar na Renita, walizamishwa katika kisima kilekile cha ubatizo nyuma ya mimbari ya Mlima Nebo. Mozelle akafungua kinywa aseme "Mchungaji, ngoja," lakini sala ya kufunga ilikuwa imeanza, na mtu haikatizi sala. Bei ya fundi wa paa ilikuwa bado kutafutwa, kwa hiyo mkutano uliahirishwa hadi Jumatano inayofuata. Mozelle aliitikia amina kama mtu anayetia sahihi asichokisoma.

Kesho yake dukani Mozelle hakuwa yeye. Mzee mmoja alikuja kuangalia mashine ya kufulia, akataja nusu ya bei kama ilivyo desturi ya mnunuzi mwenye akili, na Mozelle akasema, "Chukua." Mzee alishtuka. Akaizunguka ile mashine, akaipiga teke, akainusa. "Ina ugonjwa gani?" aliuliza. Akaondoka bila kununua.

Adhuhuri Cleotha aliingia. Hakuketi kwenye kiti chake cha siku zote karibu na feni. Alisimama katikati ya friji kama mnunuzi.

"Jumatano naomba barua yangu," alisema.

Mozelle aliweka bisibisi chini. Mbaptisti haondoki kanisani hivihivi kama paka. Anaomba barua ya kuhama, kanisa linampigia kura, na akishapewa jina lake linafutwa.

"Uende wapi na barua?"

"Popote. Hata kwa Wamethodisti."

"Cleotha! Wale wanabatiza kwa kunyunyizia maji tu!"

"Afadhali kunyunyiziwa na wageni kuliko kuzamishwa na wenzako."

"Mimi sikumzamisha mtu. Niliharakisha kusema, basi. Unaijua haraka yangu."

"Naijua. Ndiyo maana nimekuja kukwambia usoni kabla hujasikia kwa watu." Cleotha alipitisha kidole juu ya friji akitafuta vumbi, akalikosa. "Renita anapita barabara ile kila asubuhi kwenda kazini. Sasa atasoma pale kwamba Mungu amemchagua Lamar."

"Kibao hakisemi Mungu. Kitasema Lamar Beasley."

"Kibao kiko chini ya msalaba, Mozelle. Unafikiri watu watadhani ni nani ametia sahihi?"

Mozelle aliokota tena bisibisi. Yeye mwenyewe alijua kazi ya kibao. Dukani kwake aliandika DHAMANA kwa herufi kubwa, na watu walinunua neno lile kabla ya kuigusa friji.

Alifunga duka mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumzika mume wake, akaendesha hadi kanisani. Mchungaji Mims alikuwa juu ya ngazi kando ya barabara, shati limeloa mgongoni, akipanga herufi za plastiki kwenye kibao. Alikuwa na LAM na anaitafuta A nyingine kwenye ndoo.

"Shuka, Mchungaji, tuongee."

"Nipe hiyo A kwanza, Dada Mozelle."

"Sikupi. Shuka."

Alishuka akicheka. Hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Alizika watu vizuri, na alipowatembelea wagonjwa alileta supu, si mahubiri tu. Mozelle alimweleza: hoja ilikuwa na mkia uliofichwa nyuma ya majoho, na dini na siasa wasizifunge furushi moja namna ile.

"Wewe Mozelle, wewe, ndiye wa kuniambia hivyo?" Mchungaji alijifuta jasho. "Mama yako aliondokea mlango ule pale, kwenda mahakamani kujiandikisha apige kura, enzi watu weusi wakizuiwa. Waliimba humu ndani kwanza, wakaomba, wakatoka kwa mguu. Wazee wangetenganisha dini na siasa, leo ungekuwa bado unapiga pasi mashati ya watu."

Lilimchoma, kwa sababu ni kweli. Mama yake alirudi siku ile na vumbi hadi magotini. Karani alikuwa amempa kifungu cha sheria akisome, kifungu ambacho karani mwenyewe hakuweza kukitamka, kisha akamwambia ameshindwa. Wiki iliyofuata alirudi tena. Mozelle alikumbuka viatu vya mama yake mlangoni kuliko alivyokumbuka uso wake.

"Mama alikwenda kudai mlango ufunguliwe," alisema. "Hakwenda kuulizia amchague nani. Na aliyekuwa upande wa pili siku zile hakuwa akiketi nasi kula kuku Jumapili. Hawa wawili ni wetu wote, Mchungaji. Unampa mmoja kanisa, mwingine unampa nini? Kiti cha wageni?"

"Na barabara ya makaburini je? Mvua ya mwezi wa pili, gari la maiti lilizama kwenye tope. Wanaume walimbeba Mama Hatcher begani, tope hadi magotini, jeneza linayumba kama mtumbwi. Lamar ameahidi lami mpaka getini."

"Ahaa. Kumbe ni lami."

"Si lami tu..."

"Mchungaji, mimi ni mfanyabiashara, usinifiche bei. Lami nimeielewa, hata mimi naitaka. Lakini hapa unampa mtu mzigo kabla hajafungua pochi. Umeshampa jina la kanisa, yeye lami kakupa? Akishinda akasahau, utamdai kwa karatasi gani?"

Mchungaji alicheka tena, mara hii kidogo. "Sema kweli. Unampigia kura Renita, sivyo?"

"Nampigia Lamar. Renita ana akili nyingi kichwani, ila hajui kumsukuma mtu mpaka atoe. Lamar anajua."

"Sasa tunabishana nini, dada yangu?"

"Kura yangu nitaipeleka mwenyewe. Sikuiweka kwenye sahani ya sadaka."

Gari lilipita, dereva akapiga honi kuwasalimu, wote wawili wakapunga mkono bila kutazama. Mchungaji aliinama, akaipata A ndani ya ndoo.

"Kanisa limeshapiga kura," alisema akipanda ngazi. "Unaijua kanuni yetu tangu enzi za wazee. Jambo lililopitishwa halifunguliwi tena, ila likifunguliwa na mtu aliyesema ndiyo."

Mguu wake ukabaki hewani. Mozelle alikuwa akimtazama kama alivyoitazama friji yake ya kwanza.

"Mimi nilisema ndiyo," alisema.

"Utahitaji mtu wa kukuafiki."

"Najua."

Kujua ni kitu kimoja. Alizunguka siku nzima ya Ijumaa na sehemu kubwa ya Jumamosi akitafuta mtu wa kusema neno moja alilowagawia watu bure miaka yote. Shemasi Purvis Hatcher alimkaribisha chai baridi yenye sukari, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama yangu nusura aanguke kutoka kwenye jeneza, Mozelle. Nataka lami." Mama mmoja wa kwaya aliogopa kukosa joho. Mwingine alisema ataomba kwanza, na Mozelle alijua maombi ya aina ile huwa hayana jibu. Alianza kusema peke yake ndani ya gari. Alipita taa nyekundu mjini, polisi akamsimamisha, akamwona ni nani, akamwachia kwa onyo la kwenda kupumzika.

Mwisho alikwenda kwa Lamar mwenyewe.

Lamar Beasley alikuwa na duka la matairi, mtu mnene, mcheshi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. "Bi Mozelle! Mwafiki wangu! Leo tairi zote nakupa kwa bei ya undugu."

"Bei ya undugu ndiyo huwa kubwa kuliko zote. Zima mashine nikwambie kitu."

Alimwambia. Lamar alikunja uso. "Mimi sikumtuma Mchungaji."

"Na hukumkataza."

"Nani anakataa kanisa likimtaja jina?"

"Mtu anayejua hesabu. Cleotha ana ndugu wangapi Tarpley? Tia wakwe. Tia waliolishwa na Cleotha kwenye misiba. Wengi walikuwa hawajaamua, Lamar, na wengine walikuwa wako. Sasa watakwenda kwenye kile kibanda cha kura chenye pazia, hakuna anayewaona, na watakuonyesha. Mbaptisti ukimwambia kaa, anasimama. Ukimwambia simama, anaomba kiti."

Lamar alicheka, kisha akaacha.

"Na kingine. Leo Mims anakupenda. Kesho Mims atahamia Birmingham, atakuja kijana mwenye mdomo, naye atakuwa na mtu wake. Utakuwa umewafundisha watu kwamba kiti chako kinatoka mimbarini. Aliyekipa ndiye atakayekitwaa."

"Nikishindwa je, Bi Mozelle? Maana nikikataa kibao nikashindwa, utanicheka wewe wa kwanza."

"Nitakucheka. Lakini Jumapili utakuwa na mahali pa kwenda kukaa."

Lamar alifuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Nitafikiria," alisema.

Mozelle aliondoka amefura. Katika maisha yake ya biashara hakuwahi kumwona mteja aliyesema "nitafikiria" akarudi.

Jumatano ukumbi ulijaa. Habari zilikuwa zimetembea, na wasiohudhuria mikutano mwaka mzima walikuja na vipepeo vyao vya kujipepea. Cleotha alikaa mwisho wa benchi la tatu, upande wa njia, koti limefungwa vifungo vyote na joto lile. Kati yake na Mozelle palikuwa na nafasi ya mtu mnene.

Bei ya paa ilisomwa. Ghali, ikarudishwa kwa fundi. Kisha Mozelle akasimama.

"Mwenyekiti, wiki iliyopita nilisema ndiyo. Nilisema kabla sijasikia, hilo ni kosa langu, lakini ndiyo ni ndiyo. Kwa hiyo ninayo haki. Natoa hoja jambo la kibao lifunguliwe upya."

Mchungaji alitazama watu. "Nani anaafiki?"

 Vipepeo vilisimama. Mtu alikohoa, mwingine akakung'uta sketi. Mozelle aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowauzia friji kwa mkopo, watu aliowaokoa na mikutano mirefu, nao wakayatazama maua ya zulia walilolichagua kwa kura.

"Kama hakuna wa kuafiki..." Mchungaji alianza.

"Naafiki." Ilitoka mlangoni. Lamar alikuwa amesimama pale na ovaroli ya kazi, hajanawa.

Ukumbi ulilipuka. "Lamar, kaa chini! Tunakusaidia!" Shemasi Hatcher alipaza sauti.

"Mnanisaidia mpaka mnaniua, Mjomba! Mama yangu amepigiwa simu na nusu ya mji tangu juzi."

"Na lami?"

"Nikishinda nitaitafuta, ndiyo kazi yenyewe. Nikishindwa mwombeni Renita, barabara haijui kanisa la mtu."

Wakajadili, na yalitoka yote yaliyokaa vifuani. Hatcher alieleza tena habari ya tope, akalia kidogo, na hakuna aliyemcheka. Mwanamke mmoja alisema kanisa ni la roho, Yesu hakupiga kura. "Hakuruhusiwa!" mwingine akadakia nyuma. "Na bibi yangu pia hakuruhusiwa, ndiyo maana tukaingia barabarani!" Mchungaji alisema yake, vizuri, bila hila safari hii, na Mozelle aliona kuna watu wanaogeuka kumfuata. Akasimama tena akasema neno moja tu: kanisa lidai lami kwa sauti kubwa kadiri litakavyo, lidai kwa wote wawili, ila lisiuze jina lake kwa mmoja.

Mikono ilipanda. Ilibidi ihesabiwe mara mbili, kwa sababu Shemasi Hatcher hakuamini ya kwanza. Jina la Lamar lilitolewa kwenye kibao kwa tofauti ya kura chache.

"Kuna jambo jingine?" Mchungaji aliuliza, na ukumbi mzima ukamtazama Cleotha. Cleotha alitazama mbele. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Mozelle alimfuata hadi kwenye magari, nusura akimbie.

"Basi yamekwisha," alisema.

"Nini kimekwisha?" Cleotha aligeuka. "Niliiona mikono, Mozelle. Jumatano ile. Mikono ya watu niliowapikia walipofiwa. Kura mmeifuta, vizuri, nashukuru. Mikono nitaifutaje?"

"Wangu ulikuwa wa haraka."

"Wako ndio ulioniuma."

Mozelle alibadilisha mkoba bega. 

"Utampigia nani?" Cleotha aliuliza.

Uongo ulikuwa pale, rahisi, umeshapakiwa. "Lamar," alisema Mozelle.

 Kitu kilitikisika kwenye mdomo wa Cleotha, kama mwanzo wa tusi au wa kicheko. "Angalau hujaniambia Bwana ndiye amekutuma," alisema.

"Na barua?"

"Sijaamua. Usinisukume. Mimi si mteja."

Jumapili Mozelle alifika mapema, jambo la ajabu, akakaa benchi la tatu peke yake. Wimbo wa kwanza ukapita. Katikati ya wa pili mlango ulilia, na hakuhitaji kugeuka, akageuka. Cleotha aliingia na Renita, wakaketi benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango. Cleotha hakuvua koti. Funguo za gari alizishika mkononi.

Mchungaji Mims alisimama, akafunua karatasi, akaanza kusoma matangazo: wagonjwa, mazoezi ya kwaya, chakula cha pamoja mwisho wa mwezi. Mozelle alihamia ukingoni mwa benchi, nusu ya mwili ndani, nusu njiani, tayari kumfuata Cleotha akitoka. Hakusikia tangazo hata moja. Kila Mchungaji aliponyamaza kuvuta pumzi, kule nyuma funguo ziligongana kidogo, zikatulia, zikagongana tena.